Mbuzi Aliyenipeleka Doha

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenivusha miaka sabini, kisha akanipandisha ndege kwa mara ya kwanza nikiwa na umri huu. Wengi hapa Mumias mmeniuliza nilikwenda Doha kufanya nini. Kuna waliosema nilikwenda kutibiwa macho, na kuna waliosema nimeoa. Ukweli ni kwamba nilikwenda kueleza kuwa Mzungu alikuwa mbuzi.

Mjukuu wangu Abubakari, tunayemwita Baka, ni mlinzi wa hoteli huko Lusail, mji mpya ulio kaskazini ya Doha. Mkewe alipojifungua binti hapa nyumbani, Baka hakupata ruhusa ya kuja kwenye akika, yaani karamu ya kumchinjia mtoto na kumpa jina, akaniomba nimrekodie maneno machache. Mbuzi wa akika alikuwa beberu mweupe. Mke wangu Mwanaisha alimwita Mzungu kwa sababu hakulipenda jua, na alikuwa akikataa majani yaliyoguswa na mkono wa mtu. Nami, baada ya miaka mingi ya kufundisha madrasa, nafuata adabu ya kuchinja: mnyama haonyeshwi kisu. Basi Mzungu akafungwa nyuma ya nyumba, nami nikasimama mbele, kisu mkononi, nikasema: “Mjukuu wangu, ondoa shaka. Mzungu tumemfunga. Kesho baada ya swala ya Ijumaa tutamchinja, kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mtoto atapata jina, na majirani watakula.”

Baka alifurahi, akaiweka video mtandaoni pamoja na takbira.

Mtu fulani akaukata mwisho, pale nilipomtaja mtoto na majirani. Kisha wapiganaji wa vita vya nchi ya mbali, ambayo siwezi kuionyesha kwenye ramani, wakaipamba kwa kasida na bendera. Baada yao mwanasiasa mmoja wa Ulaya, wa zile siasa kali za mrengo wa kulia zinazotaka wageni wote warudi kwao, akaichukua kwa wapiganaji, akaitia muziki wa kuogofya na maandishi ya lugha yake, akawaambia wapiga kura: haya ndiyo yanayokuja. Tafsiri, nimeambiwa, ilikuwa sahihi. Kilichopungua ni mbuzi tu.

Mgeni mmoja wa hoteli aliliona jina la Baka kwenye video. Kampuni ya ulinzi iliyomwajiri Baka ikamsimamisha kazi na kumwita ajieleze Jumapili. Aliponipigia simu kunieleza, mimi sikuogopa. Kampuni ni watu, na watu huelezwa wakaelewa. Kilichonitia hofu ni namna alivyoniamkia. Tangu aanze kusema huniita kuka, yaani babu kwa lugha yetu ya Kiwanga. Siku hiyo aliniita akhi. Mtoto wa mtoto wangu ananiita ndugu, kwa sauti nzito kama ya mtu anayesoma tangazo. Mabinti zangu wakachanga nauli.

Jumatano, kabla ya kuondoka, nilipita kwa chifu kutafuta ushahidi. Picha ya mbuzi hatukuwa nayo, na mbuzi mwenyewe tulikuwa tumeshamla. Chifu, mtu mwangalifu, aliandika: “Nathibitisha kwamba Mzungu anayetajwa ni beberu, na alikuwa mali halali ya mzee huyu mpaka alipochinjwa.” Akagonga muhuri mara mbili, wa pili ukiwa wa huruma.

Nairobi, Alhamisi alfajiri, afisa wa uwanja wa ndege aliyekuwa akipekua mkoba wangu aliisoma barua ile. Akanitazama. Akaisoma tena.

“Mzee, unaenda Doha na hii?”

“Ndiyo, mwanangu.”

“Iweke chini kabisa, chini ya viatu.”

Nikaiweka chini ya viatu, nikamshukuru.

Doha nilifika mchana. Joto la pale lilinipiga usoni kama mtu amefungua tanuri la mikate kuangalia kama imeiva. Baka alikuwa ananingoja, ndevu ameziachia, uso ameukaza.

“Asalamu aleikum, akhi.”

“Waaleikumu salamu, mume mwenzangu,” nikamjibu, maana huo ndio utani wetu. Tangu utoto anadai bibi yake ni mke wake. “Mke wetu anakusalimu. Anasema ndevu hizo kama unamfugia yeye, uzinyoe.”

Hakucheka. Lakini nilipojikwaa kwenye ngazi ya umeme, ambayo ilitaka kunipeleka juu kabla sijaamua, alinidaka mkono akapiga kelele: “Kuka, angalia!” Nikamshukuru Mungu kwa ngazi ile.

Aliyetupeleka mjini ni rafiki yake Okello, dereva Mganda, Mkristo, aliyekubali nilale chumbani kwake huko Muaither.

“Muzee, karibu sana,” alisema. “Kiswahili yangu ni ya kuomba maji, utanisamehe. Mimi nataka kuuliza kitu moja tu. Ile mbuzi, ilikuwa tamu?”

“Ilikuwa ngumu kidogo, lakini mchuzi ulikuwa mzuri.”

“Asante Yesu. Mimi nilisema tu kwa hawa watu: uso ya huyu muzee ni uso ya mtu anangoja nyama.”

Ijumaa niliswali Muaither pamoja na Baka. Okello alikwenda kanisani kwake Mesaimeer, kwenye eneo la makanisa, maana huko Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, akarudi na wali wa kuku na habari kwamba waumini wameniombea. Wengine, alisema, walimwombea na mbuzi. Tulikula pamoja chini. Nilipomaliza kunawa nikamwambia Baka anionyeshe hizo video.

Alinionyesha ya bendera, kisha ya mwanasiasa. Uso ulikuwa wangu na kisu kilikuwa changu, lakini katika ya kwanza nilikuwa shujaa na katika ya pili nilikuwa tauni. Chini yake watu wa pande mbili walitukanana mchana na usiku. Nilisomewa matusi hayo kwa muda, nikaona kwamba hakuna ugomvi pale. Palikuwa na ushirika, kama wa fundi viatu na barabara ya mawe.

“Ulimwandikia huyu mwanasiasa kwamba ni mbuzi?” nikauliza.

“Nilimwandikia siku ya kwanza. Ofisi yake ikajibu: asante kwa maoni yako. Hata kama ni mbuzi, hoja yetu inabaki pale pale.”

“Na hawa wa bendera?”

Baka aliinama. Ndipo akasema lililokuwa moyoni. “Kuka, miaka minne nafungua mlango wa hoteli. Watu wanapita kama mlango unajifungua wenyewe. Sasa watu nisiowajua wananiita Simba. Kuna mmoja anaitwa Abu Saifu, ananipigia kila Ijumaa. Amesema kampuni ikinifukuza tu, nisirudi nyumbani na aibu. Tiketi ya kwenda kwao iko tayari.”

Okello akaacha kutafuna. Nami nikajua kwamba Jumapili haikuwa siku ya kazi tu. Mjukuu wangu akifukuzwa, atakwenda kufa katika vita vya watu.

Haikupita saa, Abu Saifu akapiga. Nikaomba simu. Nilitarajia Kiarabu, nikawa nimekwisha kuandaa salamu ndefu. Kumbe Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa, cha Kenya, cha mtu aliyesoma shule za huku huku na kula sukuma wiki kama sisi.

“Sheikh wetu! Umewatetemesha!”

“Mwanangu, yule alikuwa mbuzi.”

“Tunajua.”

Nilidhani simu imekatika. “Mnajua?”

“Tangu siku ya kwanza, sheikh. Analia pale nyuma mara mbili. Ndiyo maana tukaifunika sauti yake kwa kasida.”

 Kisha nikamuuliza kama ninavyowauliza watoto wa madrasa: “Akika ya mtoto wa kike ni mbuzi wangapi?”

“Wawili?”

“Mmoja.”

“Hayo madogo, sheikh. Sisi tuko vitani.”

“Vitani na nani?”

Akaanza kunieleza. Kulikuwa na kundi hili na lile, na la tatu lililokuwa ndugu zao mwaka jana na sasa wanapigana nalo, na la nne walilopigana nalo na sasa ni ndugu. Alipofika la tano alijichanganya, akarudi la pili. Mwishowe akasema kuna jambo moja dogo analoniomba.

“Turekodie nyingine, sheikh. Safari hii bila mbuzi.”

“Na wewe,” nikamwuliza, “mama yako yuko hai?”

Akakata simu. Okello akasema, “Huyo, hata mimi namuombea,” akaendelea na kuku.

Jumapili asubuhi tulikwenda Lusail. Ofisi ilikuwa kwenye ghorofa ya vioo, baridi ndani kama ya chumba cha maiti. Mbele yetu walikaa meneja wa kampuni, mama wa Kifilipino mwenye sauti ya upole, na mwakilishi wa hoteli, ambaye alikuwa mzungu wa kweli, mwekundu kidogo shingoni. Alinisalimu kwa heshima huku akivitazama viganja vyangu. Wa tatu alikuwa karani Mkenya, binti wa Nairobi aitwaye Njeri, aliyeletwa kutafsiri.

“Guka, usijali,” aliniambia chini kwa chini, akiniita babu kwa Kikuyu. “Tutaimaliza hii stori haraka.”

Nikafungua mkoba, nikaitoa barua ya chifu chini ya viatu. Njeri akaisoma kimya, na nyusi zake zikapanda.

“Guka, hapa chifu ameandika Mzungu ni beberu.”

“Ndiyo. Beberu halisi. Mkubwa, mwenye pembe.”

“Mabeberu si wale wakoloni? Wale wa kwa hotuba?”

“Hao waliazima jina. Mwenyewe ni mbuzi dume.”

Lakini binti wa watu alikuwa amekwisha kulitamka kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni kidogo, ila nilielewa kwamba serikali ya Kenya, kwa muhuri mara mbili, imethibitisha kuwa mzungu tuliyemchinja alikuwa mkoloni, na kwamba alikuwa mali yangu halali. Mwakilishi wa hoteli alisogeza kiti nyuma. Meneja akaweka kalamu chini.

Njeri alijaribu kurekebisha, lakini kadiri alivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika. Basi, mbele ya wageni wale, na ndevu zangu nyeupe, nikafanya ambalo sikuwahi kulifanya darasani miaka yote: nikalia kama mbuzi. Nililia vizuri, kwa pumzi ndefu. Meneja akanywa maji. Mwakilishi wa hoteli akauliza kama ninaumwa.

“Mpigie bibi yako, atuonyeshe Mzungu,” nikamwambia Baka.

Mwanaisha akatokea kwenye kioo cha simu, kanga kichwani, tasbihi mkononi.

“Nani anamtaka Mzungu saa hizi?” akauliza. “Mzungu huyu hapa, nimemkalia!”

Njeri alifungua mdomo atafsiri, nikamwomba kwa heshima asitafsiri. Mwanaisha akainuka, akanyanyua ngozi nyeupe aliyokuwa akiswalia juu yake, akaileta karibu mpaka manyoya yakajaa kioo, na mkia. Mwakilishi wa hoteli alikitazama kile kimkia muda mrefu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akavua miwani, na meneja naye akacheka, na Njeri akasema, “Woi, guka, mimi nilikuwa nimekuzika.”

Nikadhani tumemaliza. Lakini meneja alirudisha kalamu mkononi, akamgeukia Baka. Alisema wameamini ni mbuzi. Anachotaka kujua ni kama Baka mwenyewe anaamini, maana kwa majuma matatu watu wanamwita Simba naye hajamjibu hata mmoja kwamba wamekosea.

 Baka aliitazama simu yake mezani. Ilikuwa inatetemeka kidogo kidogo, kama kawaida yake, kwa sifa za watu asiowajua. Sikumsaidia. Nilisoma dua kimoyomoyo, nikangoja. Kungoja ndiko pekee nilikojaliwa kujua kuliko wengine.

“Ni mbuzi,” alisema mwishowe. “Mbuzi wa mwanangu. Mtoto anaitwa Rahma. Mimi nilipenda tu kuonekana.”

Njeri alitafsiri polepole, na safari hii hakukosea neno.

Hawakumfukuza. Walimwondoa mlangoni pa hoteli, wakampeleka kulinda maegesho ya magari chini ya jengo jingine. Palepale nje, juani, alirekodi video nyingine, akasema jina la mtoto, habari ya akika, na kwamba haendi vita vya mtu. Okello aliishika simu. Wale wa bendera wakasema amenunuliwa. Watu wa mwanasiasa wakasema anaficha jambo. Kisha wote wakaondoka, na video ile ikabaki na watazamaji tisa, sita kati yao wa ukoo wetu.

Jumanne nilirudi, nikapokelewa vizuri, na nyama. Mwanasiasa yule, nimesikia, alishinda kiti chake. Kwa hiyo mbuzi wetu, ambaye hakupata kuvuka mto Nzoia, alimfanyia mtu kampeni Ulaya na kuwatafutia wapiganaji vijana nchi nyingine, wala hakuomba lolote. Nilikuwa nikifikiri vita vya mbali hufika kwetu kwa mabomu. Nimejifunza kwamba vinaweza kufika kwa kijana mmoja aliyechoka kutoonekana, na kwamba wale wanaosema wanapigana wao kwa wao humtafuta kijana huyo huyo, mmoja ampe bunduki, mwingine amwonyeshe kwa wapiga kura. Wala hawadanganywi. Sauti ya mbuzi waliisikia.

Nami najilaumu kidogo. Miaka minne nilimwuliza Baka kama anaswali na kama anakula. Sikumwuliza kazi yake ikoje.

Sasa namwuliza. Juzi alinijibu kwamba huko chini hakuna joto, na hakuna anayemjua jina. Watu hushuka wamesahau walipoegesha, humjia yeye wamehangaika, na mara nyingi, alisema, anakuwa anajua gari lilipo.