Nyigu wa Kreszenz

Jumapili ile ya Agosti, jua likiwaka juu ya mji mzima, Roswitha alimkuta mama yake gizani tena. Kreszenz, bibi wa miaka themanini na kitu, alikuwa kitini mbele ya dirisha lililofungwa, anakula keki ya plamu kwa kupapasa. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya kasha la juu ya dirisha, lile ambamo shata, kifuniko cha dirisha cha kuzuia mwanga, hujiviringisha, na shata likipandishwa lingewasaga na kiota chao. Basi bibi akaamua lisipandishwe.

Roswitha alikuwa amesema hadi mate yakamkauka. Jirani naye, msaada gani ule, alitaka kuziba kitundu chao, wakati nyigu waliozibiwa njia ya nje hutafuna mpaka watokee chumbani. Ndipo Roswitha akamleta Bwana Lechner, mshauri wa nyigu wa wilaya, akitumaini angalau huyu atasema la maana. Lechner akapanda ngazi, akachungulia, akashuka anatabasamu kama aliyeonyeshwa mjukuu. Akaeleza kwamba nyigu hushambulia wakitikiswa au wakipuliziwa pumzi. Wakiachiwa njia yao hawana shida na mtu. Baridi kali ikiingia watakufa, wabaki malkia wachanga tu, nao hujificha kwingine, wala kiota kikuukuu hakirudiwi. Lakini ingawa sheria inawalinda, kwa kuwa mzee analala humu, kibali cha kuwahamisha kitapatikana, hata kesho.

Roswitha nusura amkumbatie. Kreszenz akasema hapana.

Hasira zikampanda Roswitha. "Mama, ukae gizani mpaka Novemba? Ukijikwaa ukaanguka humu, nani atajua?"

"Sianguki. Si nimekaa?"

"Umekaa na nyigu. Watu wanatucheka, Mama."

"Waache wacheke. Asubuhi wakianza kukwaruza huko juu, najua kumekucha. Jioni wakinyamaza, nalala."

"Hao ni wadudu tu, jamani."

"Ni wadudu, sikatai," Kreszenz alisema bila hasira. "Lakini wako hapa kutwa, mwanangu. Wewe unakuja Jumapili, na tangu umefika hujakaa."

Lechner akajifanya ana shughuli na ngazi yake. Roswitha alibaki amesimama, mkoba begani, ufunguo wa gari ungali mkononi.