Breki Kwenye Rampu

Kigari chekundu kilipokaribia rampu, Mwalimu aliegemea mbele kwenye kochi, akakunja uso, akafunga breki.

"Shemeji!" Mdogo wa mkewe alijipiga paja. "Umefunga breki tena! Hilo si tuta!"

"Ni mwinuko barabarani, na sioni kilichoko upande wa pili."

"Upande wa pili kuna hewa. Unatakiwa kuruka."

"Kuruka kwenda wapi?"

Kwenye runinga, kigari kilipanda taratibu kama mzee anayepanda ngazi za hospitali, kikafika ukingoni, kikadondoka puu. Nyuma yake alikuja bata mwenye miwani ndani ya kigari cha njano. Bata alifika kwenye rampu ileile bila kupunguza chochote, akapinduka hewani mara mbili, akatua huku moto wa buluu ukifyatuka nyuma yake, akatoweka kwenye kona. Akafuata nguruwe. Akafuata bibi kizee mwenye mwavuli, naye akapinduka. Mwalimu alimaliza wa kumi na mbili katika mbio za magari kumi na mawili.

"Usijali," alisema shemeji yake. "Walau hakuna abiria aliyelalamika."

Mwalimu hakucheka. Aliuchukua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya paja, akakitazama kidole cha shahada kana kwamba ni mwanafunzi mtoro.

Alikuwa amefundisha udereva miaka ishirini na sita. Wanafunzi wake walimwita Breki, na hawakuwa wakimsifu. Mwanafunzi wake alikuwa anazunguka gari mara moja kabla ya kuliwasha, anagusa matairi yote manne, na akisahau taa ya nyuma anaanza upya, hata kama mvua inanyesha. Wapo waliohamia kwa walimu wengine kwa hasira. Wapo pia waliorudi baada ya miaka, wakiwa na watoto wao wa umri wa kujifunza, wakasema, "Huyu mpeni yule yule." Kwake hilo lilikuwa malipo tosha.

Miezi mitano iliyopita alipatwa na kiharusi, akiwa bafuni, amejipaka sabuni nusu. Kilikuwa chepesi. Ulimi ulirudi baada ya siku mbili, mguu baada ya wiki sita. Kilichobaki ni mkono wa kulia, na katika mkono huo kidole kimoja. Nguvu kilikuwa nazo, tatizo lilikuwa uchelewaji. Ukikiambia "sasa", kilikuja baada ya sasa kupita. Kwa karani hilo si jambo kubwa. Lakini mwalimu wa udereva anakaa kiti cha pembeni, na mkono wake wa kulia ndio unaodaka usukani mwanafunzi anapopotea, ndio unaovuta breki ya mkono. Mkuu wa chuo alimpa mpaka mwisho wa mwezi alete fomu iliyosainiwa na mtaalamu wa viungo. Bila fomu, gari na wanafunzi wangekwenda kwa mtu mwingine moja kwa moja, na yeye hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Mtaalamu wa viungo, mama mwenye sauti ya chini na viatu visivyotoa mlio, alimpima kila kitu kikakubali, isipokuwa wepesi wa kidole. Kifaa cha kupimia hilo kilikuwa kimeharibika tangu mwaka uliotangulia.

"Nyumbani kuna mtu mwenye mashine ya gemu?" aliuliza.

"Shemeji yangu anayo. Mtu mzima, ana mke, na anayo."

"Mwombe akuazime. Tafuta mbio za vigari. Kuna rampu, na ukibonyeza kitufe cha juu kulia pale pale kigari kinapoacha ukingo, kinapiga mbwembwe hewani, kikitua kinapata kasi ya ziada. Ukiwahi hupati. Ukichelewa hupati. Mbio moja ina mizunguko mitatu, kila mzunguko rampu nne. Uhesabu, uandike. Ukinionyesha kumi kati ya kumi na mbili siku saba mfululizo, nasaini."

"Bila kuja kuniona nikicheza?"

"Mwalimu, watu wananiletea madaftari ya uongo kila siku. La kwako nitaliamini."

Basi akacheza. Kila asubuhi baada ya chai, na kila alasiri jua linapopungua dirishani, mwanamume wa miaka hamsini na tatu alikaa mbele ya runinga ameshika pedi ya gemu kwa mikono miwili, akifukuzana na bata. Ilimchukua siku nne kuacha kufunga breki. Mguu wake ulikuwa ukikanyaga zulia wenyewe, akiona rampu tu, mpaka mkewe akamwekea mto chini ya unyayo kuokoa zulia.

Kilichomuudhi zaidi ya kushindwa ni sheria zenyewe za ule mchezo. Aliyekwenda kwa adabu, aliyeshika upande wake, aliyepunguza kwenye kona, aliachwa. Aliyepinduka angani bila sababu yoyote alipewa zawadi ya moto wa buluu. Barabarani kulikuwa na mishale inayong'aa, na gari likipita juu yake linarushwa mbele kama limepigwa teke. Mwanzoni Mwalimu aliikwepa.

"Shemeji, pita juu ya mishale! Hiyo ni busti, kasi ya bure!"

"Mwendo ambao sikuuomba siutaki."

"Ndiyo maana bibi wa mwavuli anakupita akiwa amelala."

"Bibi wa mwavuli nimewahi kumfundisha. Alifeli mara tano."

Hapo shemeji yake alicheka mpaka akakohoa, na hata Mwalimu alilegeza mdomo kidogo. Lakini daftari halikucheka. Siku ya kwanza ya kuandika, mbili kati ya kumi na mbili. Ya pili, tatu. Ya tatu, mbili. Ya nne na ya tano, nne. Kisha tatu. Aliuona ukingo wa rampu, alijua wakati wake, kichwani alisema "sasa" bila kukosea, na kidole kikabonyeza kigari kikiwa kimeshaanza kuanguka. Ilikuwa sawa na kupiga kelele ndotoni. Siku moja aliitupa pedi juu ya kochi, ikaruka, ikagonga kikombe.

"Usivunje vyombo vyangu kwa sababu ya nguruwe wa kwenye runinga," mkewe alisema kutoka jikoni.

"Nguruwe ana kidole kinachosikia!"

"Hana hata kidole. Ana kwato."

Alimjibu mkewe maneno ambayo baadaye aliyaombea radhi. Siku zilikuwa zimebaki kumi na mbili.

Kesho yake ikawa tisa. Alihesabu mara mbili, akarudia mbio, ikawa kumi. Siku iliyofuata kumi na moja, na iliyofuata kumi na moja tena. Alianza kutembea ndani ya nyumba akipiga kidole mezani, kwenye mlango, kwenye ukingo wa sinki. Alikipigia simu chuo, akamwambia mkuu kwamba gari lisiguswe. Mkewe alimwangalia, akatabasamu, akageuka haraka kuosha kitu ambacho tayari kilikuwa safi.

Siku ya saba, ikibaki mbio moja tu ili aende akachukue saini, simu iliita katikati ya mzunguko wa pili. Ilikuwa namba ya chuo. Aliichukua kwa mkono wa kulia, akaiweka sikioni, akaacha mkono wa kushoto uongoze kigari. Rampu ilikuja. Kidole chake cha kulia kilikuwa nyuma ya simu. Na kigari chekundu kikapinduka mara mbili hewani, kikatua, moto wa buluu ukafyatuka.

"Mwalimu? Unanisikia?" aliuliza mkuu wa chuo.

"Nitakupigia."

Aliweka simu chini. Rampu iliyofuata, aliondoa kabisa mkono wa kulia kwenye pedi, akaukalia. Kigari kikapiga mbwembwe nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Hakubonyeza kwenye ya tatu, wala ya nne. Zote zikakubali. Alimaliza wa pili, nyuma ya bata, akiwa amekalia mkono wake.

Shemeji yake alipoingia jioni hiyo akiwa na mkate mkononi, alikuta runinga imezimwa na Mwalimu amekaa wima.

"Hiyo mashine inaruka yenyewe."

Shemeji yake aliangalia mkate. "Kuna kitu kinaitwa msaada. Kwenye mipangilio. Ni kwa wanaoanza. Ukichelewa, inakubonyezea; ukiwahi tu ndipo unakosa."

"Nani alikiwasha?"

"Shemeji, mimi nilitaka..."

"Nani?"

"Mimi ndiye niliyemtuma," alisema mkewe, akisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. "Niulize mimi hayo maswali. Ulikuwa hulali. Ulikuwa huli. Ulinitukana kwa ajili ya mchezo wa katuni. Nikasema apate moyo kidogo, kidole kitafuata."

"Kidole hakikufuata. Kilikaa."

"Utajuaje?"

Aliiwasha mashine mbele yao, akamwambia shemeji yake auzime ule msaada, akacheza. Ikawa moja kati ya kumi na mbili. Aliporudia, mbili. Kilikuwa kimerudi nyuma ya pale kilipoanzia, na sababu yake haikuwa fumbo: kwa siku sita alikuwa amebonyeza kwa kuchelewa na kupewa zawadi, na kidole kikajifunza kwamba kuchelewa ndiko kunakotakiwa.

"Mnajua gari langu lina pedali za pembeni," alisema. Hakupandisha sauti, na hilo liliwatisha zaidi. "Breki yangu na klachi yangu, chini ya miguu yangu. Mwanafunzi akichelewa, nakanyaga mimi. Gari linasimama vizuri, naye anafikiri amesimamisha yeye. Kuna walimu wanaokanyaga hivyo mwezi mzima, mwanafunzi anafurahi, anawasifia kwa ndugu zake. Siku anaendesha peke yake ndipo anajua hakuna mguu mwingine. Mimi mguu wangu ukigusa tu, nasimamisha gari na kumwambia: hii nimekanyaga mimi, wewe ungekuwa umegonga. Wananichukia kwa hilo. Na ninyi mmenikanyagia siku sita kimya kimya, ndani ya nyumba yangu."

"Tulikuhurumia," mkewe alisema.

"Najua. Hilo ndilo linaloniuma, maana sina hata wa kumkasirikia vizuri."

"Baba watoto, daktari anaamini daftari. Siku zimebaki tano. Ukipata fomu utaendelea na mazoezi ukiwa kazini. Kidole kitapona taratibu."

"Na mtoto akikatiza mbele ya gari kabla hakijapona?"

"Una breki ya mguu."

"Breki haigeuzi usukani."

Mkewe alirusha kitambaa juu ya kiti, akaingia chumbani. Alikuwa na haki ya kukasirika. Yeye ndiye aliyemwogesha miezi miwili.

Asubuhi Mwalimu alikwenda kwa mtaalamu wa viungo akiwa na daftari. Siku sita alikuwa amezikata kwa mstari wa wino, na pembeni ameandika: si zangu. Yule mama alisoma, akavua miwani.

"Ungeniletea bila mistari, ningesaini."

"Ndiyo maana nimeleta na mistari."

"Siku tano hazitoshi, Mwalimu. Kidole kilichozoea vibaya kinahitaji wiki nyingi kusahau, kabla ya kuanza kujifunza. Nikuandikie miezi mitatu?"

"Andika unachokiona."

Aliandika. Mwalimu aliikunja karatasi, akaenda nayo chuoni kwa miguu, akazunguka uwanja wa mazoezi ambako koni za plastiki zilikuwa zimepangwa hovyo. Mkuu wa chuo, mwanamume mpole asiyependa kutazamana na mtu ana kwa ana, alimsikiliza habari yote mpaka mwisho, pamoja na bata.

"Yaani umekosa kazi kwa sababu ya kitufe cha msaada?"

"Nimekosa kwa sababu ya kidole."

"Lakini fomu ungeipata. Nani angejua?"

"Ningejua mimi, nikiwa kwenye kile kiti."

Mkuu alipumua kwa nguvu. "Miezi mitatu siwezi kusubiri. Wanafunzi kumi na wanne wanangoja. Nilikwambia mwisho wa mwezi."

"Uliniambia. Sikulaumu."

"Sasa unataka nifanye nini? Nikusifu? Nikusifu halafu nikupe nini?"

Mwalimu aliikunjua karatasi, akaiweka mezani. Ukweli ni kwamba alitarajia kitu, asijue ni nini, na alijichukia kwa kukitarajia. Mtu anayefanya lililo sawa huwa anadhani moyoni kwamba mlango fulani utafunguka, na wengi wakiuona umebaki umefungwa ndipo wanapoanza kujuta. Yeye hakujuta. Alikuwa na hasira tu, hasira nzito isiyo na pa kwenda, juu ya mshipa mdogo kichwani mwake ambao hakuna wa kuushtaki.

Alitoa ufunguo wa gari. Mwalimu mpya alikuwa nje, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, amekwishakaa kiti cha pembeni, anarekebisha mgongo wa kiti.

"Klachi yake inashika juu sana," Mwalimu alimwambia kupitia dirishani. "Mwanafunzi mpya atazima gari mara tatu, usimkaripie. Na yule dada wa benki anaogopa malori. Ukiona lori, mwambie mapema. Usimsaidie kimya kimya. Umenielewa? Ukikanyaga wewe, mwambie umekanyaga wewe."

"Sawa, mzee wangu," alisema kijana, macho yakiwa kwenye simu. "Usijali."

"Umenisikia nilichosema?"

"Nimesikia, mzee. Klachi."