Uzoefu wangu na mashine ya CD tano iliyokwama ukweni, Chome

Wakuu, heshima kwenu. Walionizidi umri shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Kuna mdau juzi aliuliza humu kama bado kuna mtu anamiliki zile CD player za kubeba CD tano kwa mpigo, na kama inafaa kununua ya sebuleni. Wengi wenu mlimcheka, mkamwambia atafute spika ya bluetooth aachane na mambo ya kale.

Mimi ninayo. Ila kabla ya kuwa na ya kwangu, kuna moja ilinitoa jasho kwenye baridi. Nawapa kama ilivyokuwa, hata zile sehemu ninazoonekana wa ajabu sijazipunguza.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa Makanya, kazi yangu iko Same mjini, kwenye duka la simu na redio. Nauza. Chaja, earphone, subwoofer, flash. Mambo ya kufungua na kuchomelea yako meza ya pili, kwa jamaa mmoja tunamwita Kibe. Huyo ndiye fundi.

Shikeni hapo, maana ndipo balaa lilipoanzia.

Wakati huo nilikuwa na mchumba anaitwa Nakundwa, kwao ni Chome, huko juu karibu na msitu wa Shengena. Tulishakubaliana sisi wawili. Kilichokwama ni kwao.

Siyo kwamba walinikataa. Baba yake, Mzee Eliapenda, mwalimu mstaafu, alisema barua ya posa haiwezi kupokelewa bila mjomba wa binti kuwepo, yule kaka yake mama. Na huyo mjomba, Mjomba Sefania, alikuwa amegoma kukanyaga pale nyumbani karibu miaka miwili.

Sababu? CD.

Najua mnacheka. Hata mimi nilicheka Nakundwa aliponiambia, hadi nilipoona yeye hacheki.

Ilikuwa hivi. Mzee alikuwa na CD ya kwaya ya akina mama wa usharika wao, walirekodi nakala chache sana, na mkewe ndiye anayeongoza nyimbo humo ndani. Shemeji yake, yaani huyo mjomba, akaiazima. Baadaye akasema ameirudisha, tena kaiweka kwenye mashine kwa mkono wake, siku mzee yupo shambani na mama yupo kanisani. Mzee akasema haipo.

Mashine nayo ikakwama wiki ileile, trei imetoka kiasi cha vidole viwili tu, haiendi mbele wala nyuma. Mzee akamulika tochi kwenye upenyo, akaona kishimo kimoja kitupu. Kwake huo ukawa ushahidi. Akamwambia shemeji yake kwamba ni mwongo, mbele ya watu, baada ya ibada.

Mjomba akavaa kofia yake akaondoka. Toka siku hiyo, salamu za barabarani tu.

Basi, baada ya kusubiri miezi minane, mzee akatuma neno kwamba niende tuonane, nionekane tu, bila barua. Nakundwa akanitangulia nyumbani.

Nikapanda gari la asubuhi kutoka Same. Ile barabara wanaoijua wanaijua, mkono wa kulia korongo, kushoto mlima, na dereva anapiga stori amegeuka nyuma. Nilivaa shati jipya jepesi, nikiamini jua la Same litanifuata. Nimeshuka Chome, ukungu, meno yanagongana.

Nikapokelewa vizuri sana. Chai ya tangawizi, makande ya moto, maswali ya ukoo. Mama alikuwa mtu wa maneno machache na macho yanayoona kila kitu. Mzee alikuwa ananiuliza taratibu kama anasahihisha daftari.

Akafika kwenye kazi. Kabla sijafungua mdomo, Nakundwa akajibu kwa niaba yangu kwamba niko kwenye elektroniki.

Uongo hapo haupo. Lakini niliona jinsi mzee alivyogeuza shingo kuangalia kabati. Juu ya kabati kulikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, kama mgonjwa aliyelala.

Akaniuliza kama hizi mashine za santuri nyingi nazifahamu.

Wakuu, ilitakiwa niseme hapana. Neno lenyewe fupi. Ila ukiwa umekaa mbele ya baba wa mtu, na mama wa mtu kasimama mlangoni, na binti anakuangalia kwa fahari, unajikuta unasema, "Tunaziona sana pale dukani, baba."

Ambayo pia siyo uongo. Tunaziona.

Mzee akanieleza kwa nini hajawahi kuishusha mjini. Anaogopa mafundi. Anaamini ukimwachia fundi kitu chako kizima anachomoa kilicho bora anaweka kibovu. Lakini kwa mtu anayetaka kuwa mkwe, alisema, hiyo hofu hana. Akaleta bisibisi.

Nikachomoa waya kwenye umeme. Hilo nalijua. Nikafungua skrubu za mfuniko, nikaziweka kwenye kizibo cha chupa. Nikainua mfuniko.

Humo ndani kulikuwa na vumbi, mikanda, gia ndogo za plastiki, nyaya bapa kama tambi. Sikuelewa chochote. Nikakunja uso kama daktari.

Nikahesabu skrubu. Nikazihesabu tena. Kisha nikasema natoka kidogo nikapige simu ya kazini.

Network kule inachagua sehemu. Niliipata nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nimesimama juu ya jiwe. Nikampigia Kibe nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akawa serious, akaniambia, usivute hiyo trei kwa nguvu, ukivuta unavunja gia, na gia yake hapa Same hatuna.

Nikauliza kama anaweza kunielekeza kwa simu. Akasema anaweza, ila nisogeze simu karibu na mashine, na nisijifanye najua.

Hapo juu ya jiwe nilifikiri sana, kuliko hata nilivyofikiri siku namtongoza Nakundwa. Nikivunja ile mashine nikiwa nimejiita fundi, huyu mzee atakuwa na waongo wawili. Mmoja shemeji, mmoja mkwe.

Nikarudi ndani. Nikakaa. Nikamwambia, "Baba, naomba radhi. Mimi nauza tu, sitengenezi. Fundi ni mwenzangu, nimeongea naye kwa simu, yuko tayari kutuelekeza. Ukisema niirudishie mfuniko nitaurudisha."

Nakundwa akaangalia sakafu.

Mzee akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena. Akasema, "Nilijua ulipohesabu skrubu mara ya pili. Fundi huwa hahesabu." Kisha akavuta kiti chake karibu. "Mpigie huyo mwenzako. Kama ni kuiharibu, tuiharibu wote."

Tukabeba mashine, wakuu. Mimi mbele, mzee nyuma, mpaka kwenye meza ya kukaushia vyombo uani, kwa sababu network ilikuwa inafika pale. Simu kwenye spika. Kibe anaelekeza, mzee anamulika tochi, mimi nashika.

Akatuambia tutafute gia nyeupe pembeni ya trei, tuizungushe kwa kidole, polepole. Ikazunguka kidogo, ikagoma. Akasema basi kuna kitu chini kimeizuia, tumulike chini ya ile sahani kubwa inayozunguka.

Mzee akainama na tochi. Akakaa vile muda mrefu. Nikadhani mgongo umemshika.

Akamwita mkewe alete sindano ya kufumia. Mama akaileta, mzee akapitisha sindano yenyewe kwenye upenyo, akawa anasukuma kidogokidogo, na mimi nazungusha gia kurudi nyuma. Kitu kikalia tak. Trei ikateleza ikafunguka yote.

Juu yake CD nne. Na chini, imejibana kati ya sahani na fremu, ya tano.

Nikaivuta kwa kucha. Ilikuwa na vumbi, ila maandishi yanasomeka. Kwa kalamu ya wino mzito, kwa mwandiko safi wa mwalimu: KWAYA YA AKINA MAMA. USIAZIMISHE.

Mwandiko wa mzee mwenyewe.

Kibe kwenye simu anauliza, imetoka? imetoka?

Baadaye tuliunganisha mambo. Wiki ile mzee alikuwa anapaka chokaa sebuleni, akaitoa mashine nje na CD zake ndani, akailaza ubavu ipite mlangoni. CD ikachomoka kwenye kishimo chake ikaangukia chini. Mjomba aliirudisha kweli, tena pale pale aliposema.

Mama Nakundwa ndiye aliyeanza kusema. Hakupandisha sauti. Alisema, "Sasa unampigia wewe, au nimpigie mimi?"

Mzee akachukua simu yake, akaenda akapanda juu ya lile jiwe langu. Kutoka uani tulimsikia. Alisalimia, akauliza hali ya ng'ombe, akauliza hali ya mvua upande ule. Kisha akasema, "Shemeji, ile CD ilikuwa kwangu. Nilikuita mwongo mbele ya watu, nitakuomba radhi mbele ya watu. Nimekosa."

Hatukusikia jibu. Mzee aliporudi mama akamuuliza kasemaje. Mzee akasema, "Kauliza kama inaimba."

Tukaijaribu. Wimbo wa kwanza unarukaruka, una mkwaruzo. Kuanzia wa pili, safi kabisa. Sauti ya mama ikatoka kwenye zile spika, changa kidogo kuliko ya sasa, na yeye mwenyewe akaingia jikoni akijifanya anatafuta chumvi.

Kabla ya saa kumi Mjomba Sefania alikuwa amefika, na kofia yake. Mzee alimpokea getini, wakashikana mikono hawakuachana hadi ndani. Jumapili iliyofuata mzee alisimama baada ya ibada akasema aliyosema. Sikuwepo, nimeambiwa, na nimeambiwa kwamba mjomba ndiye aliyelia.

Barua yangu ilipokelewa mwezi uleule. Na aliyenihoji kwa ukali kuliko wote siku ya posa ni mjomba huyohuyo, utadhani sikumsaidia chochote. Nakundwa sasa ni mke wangu, tunaishi Same.

Narudi kwa mdau aliyeuliza. Mwaka huu nimenunua ya kwangu, used, ya CD tano. Maoni yangu kama mmiliki:

Sauti ni nzuri, imetulia, hasa kwaya na dansi la zamani. Simu haikukatishi wimbo katikati. Unapanga CD zako asubuhi ya Jumapili, unapika, unafua, hujagusa kitu.

Ubaya wake, vumbi la Same inalichukia. Ifunike. Ukinunua zile zilizotoka Japani uliza umeme wake kwanza, nyingi ni za volti mia, ukichomeka moja kwa moja umeiua. Lenzi zake zinachoka, na kupata nyingine ni kazi. Na jamani, usiihamishe na CD ndani. Toa kwanza zote, ndipo ubebe.

Nilichojifunza ni kusema sijui mapema, kabla mfuniko haujafunguka. Mzee naye anasema alichojifunza ni kwamba tochi inaonyesha pale tu unapomulika.

Karibuni mchangie, hasa wenye changer za CD tano au sita, na kama kuna anayejua lenzi zinapatikana duka gani Moshi au Arusha anisaidie. Na wewe ambaye yako imekwama kabatini huku unamnunia mtu, ifungue leo mchana, kisha uje utuambie umekuta nini.