Fundi Wangu wa Mashine ya Barafu, Nisamehe

Leo nimemfokea fundi wa watu bure, jamani!

Asubuhi mashine ya barafu ya mgahawa wetu hapa Kerege inaunguruma, lakini barafu haitoi hata kipande. Na samaki walioagizwa kwa harusi wamejaa kwenye ndoo!

Nikampigia fundi. "Juzi ulitengeneza nini? Umeniharibia mashine!"

Kaja mbio kutoka Mapinga. Kafuata bomba la maji hadi nje, kakuta koki imefungwa.

"Dada, nani kafunga hii?"

Mama mkwe wangu, aliyekuwa anachambua mchele pale pale, akajibu: "Mimi, mwanangu. Bomba lilikuwa linavuja."

Fundi akaniangalia. Mimi nikaangalia samaki.

Nikamwomba radhi mbele ya wateja.

Mama mkwe naye: "Kwani hiyo inataka maji? Si inatumia umeme?"