Mshale Uliopanda Mlima wa Kedowa

Juzi, fundi wa Chepseon alipokuwa akinifungia kipima joto cha giaboksi, harufu ya oili iliyoungua ilinirudisha ndani ya pikapu ya baba. Naye baba alikuwa amekifunga chake kwa mikono yake, na alasiri moja nikiwa mtoto tulikuwa tukipanda mlima wa Kedowa pamoja na mama, tumebeba magunia ya majani chai. Mshale wa kipima joto ulizidi kupanda. Nilidhani tunashinda, nikapiga makofi.

"Baba, imefika kwa nyekundu!"

Giaboksi ililia, gari likakosa nguvu, breki zikashindwa na mzigo.

"Mama Chebet, ruka na mtoto!" baba alimwambia mama.

Tuliangukia kwenye michai. Pikapu ilirudi nyuma kimya kimya, baba bado ameshika usukani. Tulipoifikia huko chini, hatukumpata hai. Lakini gari lilipokuwa likirudi nyuma nilimpungia mkono, nikidhani anatutania.