Pamba, Simu na Vibao vya Samaki

Mama yangu anauza vyombo vya plastiki kwa jumla Kariakoo. Siku nilipomwambia nimepata chuo, nitasoma sayansi za tiba pamoja na biashara, aliacha kufunga mzigo akaniangalia.

"Sasa utavaa koti jeupe au utakaa dukani?"

"Vyote, mama."

"Haya. Usije tu ukaanza kunipimia wateja mkojo."

Mwaka wa pili, mwalimu wa biashara alitutaka tutafute shida ya watu halisi, tuitafutie suluhisho linalouzika. Nikaenda Feri, soko la samaki, na vijiti vyangu vya pamba vya kuchukulia sampuli. Nilitaka kufuta vibao vya kukatia samaki, nikaoteshe bakteria maabara.

"Shikamoo mama," nilimsalimia mkaanga samaki mmoja.

"Marahaba. Kibua au changu?"

Nilipomweleza shida yangu, alitua kijiko. "Yaani samaki wangu wachafu?"

"Hapana mama, nataka kujua tu."

"Basi anza na simu yako."

Wateja walikuwa wanatazama, ningekataaje? Nikaifuta simu, kisha kibao chake.

Siku ya tatu nilirudi na picha za visahani vya maabara. Cha kibao kilikuwa na vitone vichache. Cha simu kilijaa mpaka pembeni, kama uji ulioganda.

"Jamani njooni!" aliwaita wenzake. "Mtoto wa chuo kaja kutupima, kumbe wa kuoshwa ni yeye!"

Walicheka, nami nikacheka huku masikio yananiwaka. Walipotawanyika, akasogea, akauliza kwa sauti ya chini, "Na hivi vitone vyangu vinatoka wapi?"

Nilimwonyesha kitambaa alichofutia meza, mikono na kibao, hicho hicho kimoja. Nikamshauri awe anakichemsha.

"Nichemshe saa ngapi na foleni hii? Wewe niletee visafi, uchukue vichafu."

Mradi wangu ukawa huo. Niliuandika usiku kucha, sikubadilisha hata neno moja la yule mama. Mwalimu wa maabara akasema sampuli ni chache mno, nirudie kupima. Wa biashara akasema nachelewa, nianze. Nikafanya yote mawili, nikisaidiwa na rafiki yangu wa darasani mwenye mashine ya kufulia kwao, mtaa wa Gerezani.

Asubuhi ya kwanza tulipeleka furushi la vitambaa vilivyochemshwa na kunyooshwa. Yule mama alivigeuza kimoja kimoja, akavinusa, akachagua vya bluu vyote.

"Vyeupe wape wale," alisema, akiwaonyesha majirani zake kwa kidevu. "Kesho msichelewe."