Siku Nilipomsimamisha Binti Yangu Barazani

Mtendaji wa mtaa wetu alipokuja kuniomba binti yangu asimame kwenye mkutano wa mtaa awaeleze watu sheria ya wizi, ingetosha kusema hapana. Binti alikuwa ndani, anasikia. Alikuwa amerudi likizo baada ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, anasomea sheria na elimu ya uhalifu, na matokeo ya mtihani wa mwisho yalikuwa hata hayajatoka. Ningeweza kusema huyu bado mwanafunzi, mtafute mwanasheria aliyehitimu. Badala yake nilicheka kwa furaha, nikasema, "Huyo ni wenu. Atakuja." Mwenyewe sikumwuliza.

Mimi niliishia kidato cha nne. Nilitamani kuendelea, sikuchaguliwa, nikarudi kwenye mikorosho ya ukoo wa mama yangu hapa Newala. Nilioa upande wa Masasi, na Mungu akatupa mtoto mmoja. Mwaka mmoja kabla hajaenda chuo, mama yake alifariki. Kwa hiyo alipopanda basi la Dar es Salaam, nyumba ilibaki na mimi na simu.

Alikuwa ananipigia jioni. Aliniambia ukumbi wa mihadhara hujaa mpaka wanakaa kwenye ngazi, na aliyechelewa husikilizia dirishani. Vitabu bei yake haishikiki, wanasoma madesa, yaani makaratasi ya kutoa kopi yaliyopita mikononi mwa wanafunzi wa miaka ya nyuma mpaka maandishi yamefifia. Wiki za mwanzo hakuambulia kitu. Kiingereza cha mhadhiri kilikuwa kinakimbia kuliko kalamu yake, akawa anajifungia chooni kulia. Aliogopa kudisko, kama wanavyosema wenyewe, kufukuzwa kwa kufeli. Nilimwambia, nifundishe na mimi, ukinifundisha utaelewa. Basi akawa ananifundisha.

"Kosa lina miguu miwili, baba," alisema. "Tendo na nia. Mguu mmoja ukikosekana halisimami."

Nikamwambia anipe mfano. Akasema mtu akitoka msikitini amevaa kandambili za mwenzake akidhani ni zake, amechukua, ila hajaiba. Nilicheka sana, maana kandambili zangu zilishachukuliwa hivyo zaidi ya mara moja. Siku nyingine alinieleza habari za elimu ya uhalifu, kwamba mtu akishabandikwa jina la mwizi na kila mlango ukafungwa usoni pake, jamii yenyewe inakuwa imeshiriki kumtengeneza. Hilo lilinipita. Nilishika yale tu ya kuniongezea cheo kwenye benchi la kahawa.

Pale kwenye kahawa walishaanza kuniita Baba Wakili. Mmoja aliniuliza, "Baba Wakili, mbuzi wangu kala mihogo ya jirani. Anayeshtakiwa ni mimi au mbuzi?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nikamjibu kwa makini kabisa, nikataja tendo na nia, nikasema mbuzi hana nia. Walicheka zaidi. Sikuona kuwa wananicheka mimi.

Sasa habari ya maji. Sisi wa Newala tuko juu, maji yako chini bondeni. Bomba hutoa likitaka. Mwenye nyumba ya bati huchimba kisima uani, hukisakafia kwa saruji, huelekeza mifereji ya paa humo wakati wa masika, na maji hayo ndiyo yanayotakiwa kumfikisha mvua nyingine. Kisima chetu nilichimba na marehemu mke wangu, mimi chini na jembe, yeye juu anavuta ndoo za udongo. Kina mfuniko wa chuma na kufuli. Ukifika mwezi wa tisa, kila mtu hutazama kisima chake kama mgonjwa anavyotazama chupa ya dawa.

Mwaka ule changu kilikuwa kinashuka kuliko matumizi ya mtu mmoja. Kufuli lilikuwa zima. Jirani mmoja akaninong'oneza kuwa nikiwa shambani, yule mama wa ng'ambo ya njia huwa anatoka uani kwangu na ndoo kichwani.

Mama huyo alikuwa kungwi wa binti yangu. Ndiye aliyemwingiza unyagoni na ndiye aliyemtoa, na kwa ajili hiyo hakuniita kwa jina lingine ila Baba Mwali. Mwanamume hajui yanayosemwa huko, na mwanamke aliyepita huko hayatoi nje. Hilo kila mtu wa kwetu analijua. Mke wangu alipofariki, ndiye aliyemwosha.

Funguo za kufuli zilikuwa mbili. Mmoja ninao mimi, mwingine alikuwa nao mke wangu, na tangu mazishi sikuuona. Nikajumlisha hayo nikapata jibu nililolitaka. Nyumba yake ilikuwa pale, ukivuka njia umefika. Sikwenda kumwuliza. Mtu akinunua panga jipya kila mti huuona wa kukata, na mimi nilikuwa na mtoto anayesoma sheria. Nilikwenda moja kwa moja kwa mtendaji. Malalamiko ya maji yalikuwa mengi msimu ule, naye alikuwa anatafuta kesi moja ya kuwaonyesha wengine. Ndipo alipokuja na ombi lake.

Alipoondoka, binti alitoka ndani akasimama mlangoni. Aliniambia mwaka wa kwanza wanafundishwa majina ya vitu tu, hajui kuvitumia. Kisha akauliza anayelalamikiwa ni nani. Nilipomwambia alikaa chini sakafuni.

"Umemwuliza ufunguo aliupata wapi?"

"Ataniambia nini zaidi ya uongo?"

"Baba, naomba hili tulimalize hapa hapa nyumbani."

Nikamwambia nimeshatoa neno langu kwa mtendaji. Akasema basi yeye hatasimama. Nikamwuliza kama ndicho nilichompelekea chuo, kuja kunitia aibu mtaa mzima. Hapo aliinuka akarudi ndani. Alikuwa mtoto aliyelelewa asimbishie baba yake, na mimi nililitumia hilo.

Mkutano ulikuwa asubuhi, uwanjani kwenye ofisi ya mtaa. Kungwi alikuja peke yake. Binti yangu aliinuka mbele ya watu wote, akaenda kumpigia magoti, akamwamkia shikamoo. Yule mama akamshika kichwa. "Marahaba, mwali wangu," akasema. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa ufunguo akauweka mezani kwa mtendaji. Hakuna aliyekuwa amemwomba.

Niliombwa nieleze. Ningeweza kusema maji yamepungua, nikaishia hapo. Nilisema, "Aliyemwosha marehemu mke wangu ni huyu. Tangu siku ile ufunguo sikuuona." Watu waliguna. Kumwambia mtu kwamba amempekua maiti ni jambo lisilofutika, na nililisema kwa sauti ya kutosha wa nyuma wasikie.

Kungwi alinitazama. "Hayo umeyasema wewe, Baba Mwali," akasema.

Mtendaji akamwuliza ufunguo aliupata wapi. Akajibu alipewa na mwenyewe, yaani mke wangu. Wa kazi gani? Akasema hapo pana wanaume. Alipobanwa tena akarudia hilo hilo. Mzee mmoja wa benchi la kahawa akadakia, "Alaa, kumbe siku hizi na makufuli yanachezwa unyago." Uwanja wote ulicheka. Mimi pia nilicheka.

Ndipo mtendaji akamgeukia binti yangu, akamwita mwanasheria wetu, akamtaka aseme kuchukua maji ya mtu bila ruhusa ni wizi au si wizi. Binti alisimama. Mikono aliifunga kwenye ushungi wake.

"Kuchukua mali ya mtu bila ridhaa yake, kwa nia ya kumnyima, ni wizi," alisema. "Lakini..."

Niliona mtendaji ameridhika. Niliona watu wananitazama mimi, baba wa msemaji. Sikutaka neno zuri namna ile liharibiwe na mkia. Nikainua mkono. "Basi, mama, umejibu. Kaa."

"Baba, sijamaliza."

"Kaa."

Akakaa. Mtendaji akamwuliza kungwi kama ana la kujitetea. Kungwi hakumtazama mtendaji, alikuwa anamtazama mwali wake, ambaye midomo ilikuwa inamcheza kama mtu anayetaka kusimama tena. Akamtikisia kichwa, kidogo tu. "Mtoto amesema alivyofundishwa," alisema. "Msimsumbue tena. Andikeni nilichukua."

Walimpeleka polisi, na baadaye mahakamani, na kila alipoulizwa alijibu vile vile, nilichukua. Hakimu alikuwa na huruma kuliko mimi, akampa kifungo cha nje. Alipangiwa kufagia viwanja vya ofisi mjini, mahali ambapo kila aendaye sokoni hupita. Wanawake aliowatia unyagoni wengine walimpigia magoti na ufagio ukiwa mkononi mwake, wengine walivuka upande wa pili wa barabara. Baadaye likizo ya shule ilipofika na wasichana wa kuchezwa unyago wakawa tayari, hakuna mama aliyempelekea binti yake.

Siku moja kabla ya kurudi chuo, binti yangu alinikuta uani naosha vyombo. Akaniuliza kama nataka amalizie yale niliyomkatiza. Niliendelea kusugua sufuria, akamalizia. Alisema sheria ile ile inasema mtu akichukua kitu huku akiamini kwa moyo safi kwamba ana haki nacho, huyo hana kosa, hata kama wengine hawaioni hiyo haki. Ni zile zile kandambili za msikitini.

"Ana haki gani na maji yangu?" nikauliza.

"Hilo siwezi kukwambia. Hata mama asingekwambia." Aliniondolea sufuria mkononi. "Lakini mwizi gani, baba, anapita njiani mchana kweupe na ndoo ya wizi kichwani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku binti alipotolewa unyagoni, ngoma zinalia na nyumba imejaa wageni, mke wangu alinifuata akaniomba ule ufunguo wa pili wa kisima. Niliuliza wa nini. Akasema hayo mambo ya wanawake. Nikamchomolea kwenye kishikio changu cha funguo, nikampa, nikarudi kwa wageni. Mkono wangu mwenyewe ndio uliutoa. Kati ya kungwi na mwali wake palikuwa na ahadi ambayo maji ya nyumba yetu yalikuwamo, nisiyoijua mpaka leo na nisiyotakiwa kuijua. Binti yangu alikuwa na utetezi wa kungwi wake kwenye madesa yake, na asingeweza kuueleza mpaka mwisho bila kuvunja kiapo mbele ya wanaume. Kungwi aliliona hilo upesi kuliko wote uwanjani. Alikubali kuitwa mwizi ili mwali wake asilazimike kusema.

Nilikwenda kwa mtendaji kufuta malalamiko. Akaniambia mzee, hukumu imeshatoka, hapa hakuna cha kufuta. Nilikwenda kwa kungwi nikapiga hodi. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akanipa na maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, naye alikuwa ananunua maji kwa ndoo kwa wauzaji wanaoyaleta kwa baiskeli. Nilimwomba radhi. Alisema amenisamehe, ila Newala haimweki tena. Alipomaliza adhabu yake alihamia kwa ndugu zake huko Lukuledi, mbele ya Masasi.

Binti alirudi chuo kuanza mwaka wa pili. Simu za jioni zilikatika. Nilipopiga mimi alipokea, akanijibu vizuri, hakunifundisha kitu. Haukupita muda akanipigia mwenyewe kuniambia ameacha chuo. Sikugomba, nilimsihi. Nilimwambia alikuwa amefaulu masomo yote, yaliyotokea ni makosa yangu, yasimharibie maisha.

"Nilisoma mwaka mzima ili nipate la kusema," alisema. "Siku ya kusema nikakaa chini."

"Nilikukalisha mimi."

"Ndiyo, baba. Na mimi nikakaa."

Hakuja nyumbani. Alishukia Masasi, akaanza kushona nguo kwenye kibaraza cha duka la watu, na siku za mapumziko alikwenda Lukuledi kwa kungwi wake. Nilisikia ameolewa. Mjomba wake ndiye aliyesimama kumwoza, na kwa desturi yetu hakukosea, watoto ni wa wajomba. Ila mjomba hutuma mtu kwa baba, na kwangu hakutumwa mtu. Habari nilizipata kwa muuza samaki.

Mwaka juzi kungwi alifariki. Nilikwenda Lukuledi kuzika. Wanawake walipotoka chumba alimooshewa, mikono imelowa, wa mbele alikuwa binti yangu. Ndiye aliyemwosha. Alikuwa amenenepa kidogo, na mtoto wa kike, wa umri wa kuanza kutembea, alimkimbilia akashika kanga yake. Nilisogea. Aliniona, akapiga magoti kama afanyavyo kwa mtu mzima yeyote.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Nikaitikia marahaba. Akainuka, akambeba mtoto, akaingia ndani na wenzake. Sikujua mtoto anaitwa nani na sikuthubutu kuuliza.

Kisima bado ninacho. Mvua za mwaka huu zilikuwa nzuri na kimejaa mpaka shingoni, na mnywaji ni mimi peke yangu. Kwa kumkubalia mtendaji nilimvunjia jirani yangu heshima aliyoijenga maisha yake yote, akafa ugenini na jina la mwizi. Nilimtoa binti yangu chuoni. Na binti mwenyewe yu hai, yuko Masasi, basi moja tu kutoka hapa, ila mimi si baba yake tena. Nilikuwa na mtoto mmoja. Sasa sina.